Jumamosi Nilizompangia Mama

Kazi yangu miaka ile ilikuwa kupanga ratiba za mafundi wa lifti. Nilikaa kwenye ofisi moja Don Mills, jijini Toronto, vipokea sauti vya simu masikioni, ramani ya jiji mbele yangu, nikijua kila saa fundi gani yuko jengo gani na atamaliza lini. Nilikuwa hodari. Nasema mwenyewe kwa kuwa pale ofisini hakuna aliyewahi kulisema. Na lifti ya jengo nililoishi mimi, kule Weston, jengo la zamani linalotazama Mto Humber, ilikuwa ikikwama mara mbili kwa mwezi. Haikuwa mikononi mwa kampuni yetu, kwa hiyo nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya saba kama wapangaji wengine, nikitukana kimoyomoyo.

Mama alikuja mwezi wa tano mwaka 2008, kwa viza ya miezi sita. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Korogwe, ana miaka sitini na minne. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na nyumba yetu ilibaki na Mama pamoja na mpangaji mmoja wa chumba cha uani, karani wa benki ambaye hata salamu alizitoa kwa haraka.

Niseme wazi tangu sasa: nilitaka abaki. Nilikuwa nimeshachukua fomu za kuongeza muda, nimezijaza kwa penseli na kuziweka kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, sina mume, sina mtoto, na nilikuwa nimechoka kurudi kwenye nyumba ambayo taa zake huwashwa na mimi tu. Lakini hayo sikumwambia. Nilifikiri mzazi haombwi kubaki. Anaoneshwa nchi mpaka aseme mwenyewe, mwanangu, huku kuzuri, ngoja nikae. Ndipo nikaanza kumpangia Jumamosi.

Nilinunua daftari la jalada gumu, na kila Alhamisi jioni nilikaa mezani nikapanga safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwenye miji midogo iliyoizunguka Toronto, ile ambayo mtu anaifikia kwa gari kabla chai haijapoa kwenye chupa. Niliandika saa ya kutoka, njia ya kupita, mahali pa kuegesha gari, vyoo viko wapi, wapi pana kivuli, wapi pana benchi kwa ajili ya magoti yake, tutakula saa ngapi na mvua ikitukuta tutajificha wapi. Niliwahi kupiga simu kwenye maktaba ya mji mmoja kuuliza kama mlango wao una ngazi. Yule dada wa maktaba akaniuliza nakuja na kikundi cha watu wangapi. Nikamwambia, mmoja.

Ijumaa Mama alilichukua daftari, akavaa miwani, akausoma ukurasa wangu kama alivyosoma madaftari ya watoto wa watu kwa miaka thelathini na tano. Alitembea na kalamu nyekundu kwenye mkoba, mazoea hayo hayakustaafu naye. Wiki ya kwanza aliniandikia pembeni: saba kwa kumi.

"Tatu zimekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Hujaandika tunakwenda kwa nani."

"Hatuendi kwa mtu, Mama. Tunakwenda kutembea."

Akanitazama juu ya miwani. Kwao, na hata kwangu kabla sijaharibika, kutembea ni kwenda kwa mtu. Mtu hatoki nyumbani kwake amevaa nguo nzuri, amepanda gari saa nzima, akakanyage mji ambao hakuna anayemsubiri. Watu wa namna hiyo wana kesi, au wanafukuzwa. Mama hakubisha. Alifunga daftari, akaenda chumbani kufungua sanduku lake, akatoa doti ya khanga mpya, akaizungushia gazeti.

"Hiyo ya nani?"

"Ya huko tunakokwenda."

"Mama, nimekwambia hakuna mtu."

"Wewe umejuaje? Tukimkuta mtu, nami nimekuja mikono mitupu, uso nitauficha wapi?"

Khanga ile ilizunguka kusini mwa Ontario kuliko watu wengi waliozaliwa hapo. Iliona Maporomoko ya Niagara. Pale Mama alisimama kwenye kizuizi, maji yamemrukia mpaka miwani, akatazama kwa heshima muda wa kutosha, kisha akasema, "Maji mengi. Mwenyezi Mungu ana uwezo." Nikangoja. Akafuta miwani. "Haya, tumeyaona. Sasa hapa tunakwenda kumsalimia nani?" Nikamwonesha daftari: saa saba na nusu, bustani ya maua. Akaja nyuma yangu shingo upande, khanga kwapani. Jumamosi nyingine, kwenye bustani ya mji mmoja wa kando ya ziwa, nilikwenda kulipia maegesho, niliporudi nikamkuta amekaa katikati ya familia ya Wazungu waliotandika blanketi lao kwenye majani. Amewagawia visheti vyote vya chakula chetu cha mchana, na yule baba wa familia anajaribu kumshukuru. Nilitaka ardhi ipasuke. Mama alifurahi siku nzima.

Siku za kazi nilimwacha nyumbani, na kwa hilo nilijiona mtoto mwema kupita kiasi, maana nilimkataza kushika chochote. Niliamka mapema nikapika, nikaosha vyombo, nikafagia, ndipo nikaondoka. Nikirudi nilimkuta sebuleni amekaa ameweka mkoba mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Siku moja nilimfumania ameshika sponji ya vyombo. Nikamnyang'anya.

"Mama, umefanya kazi maisha yako yote. Pumzika."

"Nimepumzika tangu juzi."

"Endelea."

Akaendelea, maskini.

Mwezi wa nane nikapanga safari ambayo niliiweka akiba kwa makusudi. Ni mji mdogo wa kale kando ya Mto Grand, saa moja na nusu kutoka kwetu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa watu ninaotaka kuwasimulia wangejulikana mara moja. Majengo yake ni ya mawe ya kijivu, kuna daraja la chuma, kuna kinu cha zamani cha kusaga ngano kilichogeuzwa makumbusho, makanisa manne kwenye mtaa mmoja, na mto unapita katikati ya vyote kwa kelele za kutosha. Mama alikulia karibu na Mto Pangani. Nilijua mto utamshika. Fomu zilitakiwa zipelekwe kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, kwa hiyo niliamua ndiyo siku ya kumwambia, na kwa kuwa mimi ni mimi, niliiandika kwenye ratiba: saa tisa alasiri, benchi la chini ya daraja, baada ya aiskrimu, mazungumzo. Nilikuwa na sababu saba za kumfanya abaki, nimezipanga kuanzia hospitali nzuri hadi umeme usiokatika.

Wiki moja kabla, tulialikwa akika ya mtoto wa Watanzania wenzetu kwenye ukumbi mmoja wa Don Mills. Kabla hatujatoka nyumbani Mama aliniambia nimwandikie jina la ule mji kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Pale ukumbini akapita nayo meza hadi meza. Wanafunzi wa chuo, wauguzi, wahasibu, kila mmoja alioneshwa karatasi na kuulizwa kama anamjua mtu anayekaa hapo. Nilikazana kula biriani nikajitia sipo. Mwisho akafika kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa Unionville, Mhindi wa Dar es Salaam, naye akapiga kidole kwenye karatasi.

"Yupo! Mama mmoja wa kwetu, wa Tanga. Mwanawe ana moteli pale. Mama mtu mzima sasa."

Mama alirudi mezani kwangu amesimama wima kama mtu aliyeshinda kesi. Ijumaa ile nilipewa kumi kwa kumi, ila zile tatu alijiongezea yeye mwenyewe, kwa kuandika kwa wino mwekundu juu kabisa ya ukurasa: kwanza, kusalimia.

Jumamosi niliamshwa alfajiri na harufu ya nazi. Alikuwa amevunja sheria yangu. Nilimkuta jikoni amefunga kitambaa kiunoni, mbaazi zinachemka, mahamri yamejaa kwenye sinia. Nikataka kusema neno, nikaona uso wake, nikaenda kumtafutia taulo la kufungia sufuria. Tukaenda. Njia nzima sufuria lilikuwa mapajani mwake, limefungwa taulo.

Moteli ilikuwa kwenye barabara ya kuingilia mjini, vyumba kumi na viwili vilivyopangwa mstari mmoja, na nyuma yake mto. Mlango wa ofisi ulikuwa na kengele. Mama hakuitazama. Alizunguka nyumba mpaka uani, akasimama mbele ya mlango wa jikoni, akapaza sauti.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Nikaanza kumvuta mkono, nikimwambia huku watu hupiga simu kwanza. Mara ndani kitu cha bati kikaanguka.

"Karibu!" Sauti ilikuwa ya mtu mzima, imepasuka kidogo. "Nani huyo? Karibu! Karibu ndani!"

Akatokea mama mwembamba wa Kihindi, miaka sabini na kitu, mtandio mweupe kichwani, miguuni soksi za sufu katikati ya kiangazi. Alitutazama, mara Mama, mara mimi, mara sufuria.

"Shikamoo, dada," alisema Mama. "Tumetoka Korogwe. Tumepita kukusalimia."

Ni kweli tulitoka Weston, lakini sikuona sababu ya kumsahihisha mwalimu. Yule mama alijibu marahaba, akamshika Mama mikono yote miwili, na hakuiachia mpaka walipokwishakaa. Alipofunua sufuria alinusa, akafunika, akafumba macho. Baadaye alituambia kwamba mwanawe anasikia Kiswahili ila anakijibu kwa Kiingereza, wajukuu hawasikii kabisa, na kwamba mara ya mwisho mtu kupiga hodi kwenye ule mlango haikumbuki. Mwanawe alichungulia kutoka ofisini, mtu mzima mwenye miwani na kalamu sikioni. "Karibuni sana, please, kaeni. Mummy will be so happy," akasema, akarudi kwenye simu zake.

Mimi nilitazama saa. Ratiba ilikuwa imetoa dakika kumi na tano kwa salamu, na tayari zilikuwa zimepita arobaini. Wale wawili walikuwa wanatembea Tanga mjini, barabara moja baada ya nyingine, wakitafuta mahali walipowahi kukutana. Hawakupata. Walichopata ni duka moja la mikate ambalo wote walilijua, na mwenye duka aliyewapunja wote, na wakamteta yule marehemu kwa raha ambayo sijapata kuiona.

"Mama, makumbusho ya kinu yanafunguliwa saa tano."

"Nenda ukaangalie, mwanangu. Utatusimulia."

Nikaenda. Nilikuwa nimenuna vibaya sana. Niliifuata ratiba yangu neno kwa neno, ratiba ya watu wawili, peke yangu. Niliingia kwenye kinu nikasomewa historia ya mawe ya kusagia na kijana wa kujitolea aliyekuwa na hamu ya kuongea na mtu. Nilivuka daraja la chuma. Nilikaa kwenye kivuli nilichokichagua kwa ajili ya magoti ambayo hayakuwapo. Na niseme haki ya mji ule: ni mzuri. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi, watoto walikuwa wanaelea kwenye mipira ya magari, na mbele ya duka la maua mzee mmoja alikuwa anamwagilia vyungu, akanipungia mkono kama anayenijua. Nilizidi kukasirika. Saa tisa nilikuwa kwenye benchi langu na aiskrimu inanichuruzika mkononi. Nikazisema sababu zangu saba kwa sauti, nione kama zinasikika vizuri. Bwana mmoja aliyekuwa anakuja na mbwa wake akavuka akapita upande wa pili.

Niliporudi moteli sikuwakuta jikoni. Nikafuata kicheko mpaka chumba cha kufulia. Mama alikuwa amekunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, ameshika shuka upande huu, mwenyeji wake upande ule, wanalivuta, wanalikung'uta, wanakutana katikati, wanalikunja. Pembeni palikuwa na mashuka ya vyumba kumi na viwili yaliyokwisha kukunjwa. Mama alikuwa anacheka mpaka machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika Baba, na badala ya kufurahi niliona wivu, wivu mtupu.

"Mama! Wewe ni mgeni hapa!"

"Mgeni gani?" alisema yule mama wa Tanga. "Huyu mdogo wangu. Na wewe ni mwanangu, mimi ni mama yako mkubwa. Shika foronya hizo."

Nikasema tukichelewa tutaikuta foleni ya magari. Khanga ilikabidhiwa hatimaye, kwa mwenyewe. Mama mkubwa alitusindikiza mpaka kwenye gari, akamshika Mama mikono tena, wakasemezana kitu kwa sauti ya chini karibu na mlango wa gari huku mimi nimeshawasha injini.

Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu Mama alipozungumza.

"Mwanangu, zile fomu za kwenye droo."

Kumbe alizikuta siku moja, zamani, akitafuta kijiko.

"Usizipeleke. Tarehe ya tiketi yangu ikifika nitarudi nyumbani."

"Yule mama kakwambia nini?"

"Hajaniambia baya lolote."

Sikumwamini hata kidogo. Nilikuwa nimeshaelewa, au nilidhani hivyo. Mwanamke amekaa nchi ya watu miaka mingi mpaka Kiswahili kimemkauka mdomoni, anaishi nyuma ya moteli na mashuka ya wageni, amemwambia mwenzake kimbia kabla hujawa kama mimi. Nilimchukia. Miezi mitatu ya Alhamisi zangu, vyoo vyangu, mabenchi yangu, na mtu mmoja ameyafuta yote kwa siku moja akiwa amevaa soksi za sufu. Niliendesha kwa hasira mpaka nikapitiliza njia yetu ya kutokea, nikaenda kugeuzia mbali.

Mwezi wa tisa ulikuja na Ramadhani, safari zikaisha. Mwisho wa mwezi wa kumi nilimpeleka uwanja wa ndege, ambao kutoka Weston ni karibu hata ukisema uende polepole. Alinibusu kwenye paji la uso. "Nenda ukamsalimie mama yako mkubwa," alisema, akaingia ndani. Nilirudi nyumbani nikatupa zile fomu, na daftari nikalisukuma nyuma ya kabati.

Kila simu ilikuwa hivyo. Umekwenda kwa mama yako mkubwa? Bado, Mama. Nenda. Kazi nyingi, Mama. Nenda. Miaka mitatu na ushei nilimpiga chenga. Mwisho, katika majira ya kuchipua ya 2012, mtu aliyetoka Tanga aliniletea kifurushi. Ndani yake zilikuwamo doti mbili za khanga. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa na karatasi yenye mwandiko wa ubaoni: ya dada yangu, apelekewe na mkono wako.

Nilikwenda Jumamosi ya wiki ile ile. Sikuandika ratiba yoyote, nilitaka niimalize ile shughuli niondoke. Nilizunguka uani nikapiga hodi, sauti yangu ikatoka ndogo. Mama mkubwa alikuwa amepungua sana, anatembelea fimbo, lakini alinijua kabla sijajitambulisha. Aliichukua khanga akaipitisha kwenye shavu. Kisha akaniuliza habari za Mama, na mimi, ambaye nilikuwa nimekuja na hasira zangu zimekunjwa vizuri, nikashindwa kuzishika.

"Mama yangu angekuwa hapa," nilimwambia, "kama si maneno uliyomwambia siku ile."

Akanitolea macho.

"Maneno gani?"

"Ya kumwambia arudi."

"Mimi?" Aliiweka fimbo chini. "Mimi nimwambie arudi? Wewe mtoto, mimi nilimwomba abaki. Nilimshika mikono nikamwambia, mdogo wangu, baki, mwanao yuko hapo saa moja na nusu tu, atakuleta, tutakaa hapa tuseme Kiswahili mpaka tufe. Nilimwomba jikoni, nikamwomba kwenye mashuka, nikamwomba tena kwenye gari. Mimi nilimtaka kuliko wewe."

Nikauliza, "Akasemaje?"

"Akasema mwanawe anampenda, hilo analiona. Lakini akasema, dada, kwa mwanangu mimi ni mgeni. Miezi mitatu sijashika ufagio. Napikiwa, nafuliwa, na kila Jumamosi natembezwa. Mtu akiwa kwake hatembezwi." Alinitazama kidogo, akaona bora amalize. "Akasema na wewe umekonda. Unafanya kazi wiki nzima, siku yako ya kulala unakwenda kumtafutia vyoo. Akasema, nikikaa mwaka mtoto huyu atanifia kwa ratiba."

Nilitaka kucheka, kilichotoka kilikuwa kilio. Nililia pale kwenye meza ya jikoni kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimwonea haya yule mama kwa miaka yote niliyomchukia bure, naye alikuwa amekaa peke yake nyuma ya ile moteli akimngoja mtu. Nilijionea haya zaidi mimi. Ile miezi nilidhani namwonesha Mama kwamba huku ni kwake, na kila ukurasa niliouandika ulikuwa unamwambia ni wa kuja na kuondoka. Mama mkubwa aliniacha nilie mpaka basi. Kisha akanisukumia kapu la foronya, tukazikunja zote, akanipa chai, akanipa na ya kubeba.

Nilikaa ndani ya gari mbele ya moteli, nikachukua simu na kadi ya kupigia nje. Ilikuwa saa saba mchana, Korogwe saa mbili usiku, wakati wa chakula.

"Umefika kwa mama yako mkubwa?"

"Nimetoka sasa hivi. Amenieleza."

"Amekueleza nini?"

"Yote."

"Yule naye, mdomo!"

"Mama, siku ile nilikuwa na sababu saba za kukuomba ubaki. Hospitali, umeme, nini na nini. Hata moja haikuwa yangu. Mimi nakuhitaji. Natoka kazini narudi, nyumbani hakuna mtu. Basi, hiyo tu. Siku hizi kuna viza ndefu ya wazazi, mtu anakaa hata miaka miwili. Nataka uje ukae."

Nilisikia anaweka kijiko kwenye sahani.

"Nikija utanipeleka wapi?"

"Sikupeleki popote."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nitalala."

"Mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Utapika. Utafagia. Utapiga deki, ukitaka. Nikirudi nimechelewa utanigombeza."

Dakika za kadi zilikuwa zinakwisha, nikaogopa simu itakatika kabla hajajibu. Kisha nikamsikia anavuta pumzi, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mwalimu.

"Mbona hukusema, mwanangu? Mimi ningekaa."